Mtu aliyeipandisha flite halafu akaiacha: kumsikiliza Frans Brüggen nikiwa Lac Vert

Leo siandiki juu ya mbegu wala bei ya mbolea. Najua kuna watakaouliza Injenieri anaingia wapi kwenye muziki, tena muziki wa wazungu wa zamani. Mnivumilie kidogo, mambo yenyewe yalianzia nyumbani.

Mtoto wa yaya yangu ana miaka 11. Ana flite ya plastiki, ile ndogo ya rangi ya maziwa, yenye mdomo kama wa ndege. Wafaransa wanaiita flûte à bec juu ya huo mdomo. Sisi tunasema flite tu, na humu nitaandika mara flite mara filimbi, msinisahihishe. Hakuinunua. Ilifika kwenye karton ya vitu vya kuchezea watoto wa kambi ya wakimbizi, wakati ule upande wetu wa Lac Vert ulipojaa turubali mpaka kwenye mawe. Mwenye flite alikuwa rafiki yake, mtoto wa watu wa Masisi. Kambi zilipovunjwa Februari 2025, familia ile ikafunga mizigo siku moja, na yule rafiki akamwachia. Tangu hapo nyumba yetu haina kimya. Ni nyumba ya mbao, mnajua vile sauti inavyopita kwenye mbao.

Papa mkubwa alisema bila kuzunguka: "Hii ya kupuliza-puliza itamulisha?" Na yaya akaniuliza mimi, juu mimi ndiye nimesoma: kuna mtu wa kwaya anayejua kusoma noti, anaomba dola 10 kwa mwezi. Tulipe, ao hizo dola 10 ziende kwenye ushonaji? Tangu banki zilipofungwa Januari 2025, dola 10 si kitu cha kujibia haraka. Nikamwambia anipe wiki mbili. Nikaenda kutafuta kama kuna mtu duniani aliyekula, akavaa na kuzeeka kwa hiyo filimbi. Nikampata Frans Brüggen. Wiki mbili zikawa miezi miwili, na megabaiti zangu zote za usiku zilimalizikia kwake.

Amezaliwa Amsterdam tarehe 30 Oktoba 1934, mtoto wa mwisho kati ya tisa. Hesabuni wenyewe: Wajerumani wanaingia Uholanzi mwaka 1940, yeye hajamaliza hata miaka 6. Anakua ndani ya vita, na filimbi anaianza utotoni. Alipofika miaka 10 ukaja ule msimu wa baridi wa 1944 kwenda 1945, ambao Waholanzi wanauita hadi leo msimu wa njaa. Reli zilisimama kwa mgomo, Wajerumani wakazuia chakula kuingia miji ya magharibi, na watu wapata 20,000 wakafa. Walikula viazi-sukari vya kiwandani, vile vya kutengenezea sukari, na vitunguu vya maua ya tulipa. Mimi kama mtu wa kilimo nilisimama hapo muda mrefu. Kitunguu cha tulipa si chakula. Kina sumu katikati, lazima uitoe kwanza. Mtu hali kitu kama hicho isipokuwa amemaliza vingine vyote.

Sisemi kwamba njaa ndiyo iliyomfanya mwanamuziki. Hiyo ni hadithi ya mashirika, ya kuweka kwenye ripoti pamoja na picha. Nasema tu kwamba swali la papa mkubwa lingeweza kuulizwa nyumbani kwao pia, na kwa haki zaidi. Halafu angalieni: mwaka 1955, akiwa na miaka 21, alikuwa tayari mwalimu kwenye konservatwari ya kifalme ya La Haye. Mwaka 21! Wengi wetu kwa umri huo tulikuwa tunasubiri delibe ya graduat ya pili.

Sasa flite yenyewe, juu bila hiyo hamtaelewa ugomvi wangu na huyu mzee. Ina matundu saba mbele na moja nyuma ya kidole gumba. Kwenye mdomo kuna kizibo kinachoacha njia nyembamba ya hewa, hewa inaenda kugonga ukingo mkali wa dirisha, na sauti inatoka. Midomo ya mpigaji haifanyi kazi yoyote. Mtoto akipuliza, inalia. Hapo ndipo watu wanapodanganyika na kusema ni kitu cha watoto. Shida inakuja baadaye: ukipuliza kwa nguvu, sauti haikui tu, inapanda na kutoka kwenye noti. Ukipuliza polepole, inashuka. Kwa hiyo huwezi kulia kwa nguvu wala kunong'ona kama unavyofanya kwa violoni. Umefungwa. Filimbi inakupa mlango mpana wa kuingilia, halafu ndani chumba ni kidogo.

Na ndiyo sababu ilikufa. Bach aliiandikia kwenye Brandenburg namba 2 na namba 4, alizozitoa zawadi mwaka 1721. Telemann aliiandikia mingi, Vivaldi pia. Kufika nusu ya karne ya 18, kumbi zilikuwa zimekua, orkestra zimekua, na filimbi ya pembeni, ile ya kushika kwa upande, ikaisukuma nje. Ikalala zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Aliyeiamsha Uingereza ni Arnold Dolmetsch, na kwa mkasa ambao ningeusikia sokoni Virunga nisingeushangaa: mwaka 1919, mtoto wake Carl, wa miaka 7, alisahau mfuko kwenye stesheni ya Waterloo, London, na ndani ya mfuko kulikuwa na filimbi ya zamani ya fundi Bressan. Ikapotea. Baba hakuwa na njia nyingine isipokuwa kutengeneza yake kwa vipimo. Carl huyo huyo, baada ya vita ya pili, ndiye aliyesukuma filimbi za plastiki za bei nafuu ziingie mashuleni. Kenya leo ziko kwenye masomo ya shule ya msingi. Na moja, sijui kwa njia gani, imefika Lac Vert ikipitia mtoto wa Masisi.

Basi Brüggen aliingia kwenye hicho chumba kidogo akaanza kusukuma kuta. Hiyo ndiyo kazi yake yote ya miaka ya 1960 na 1970. Alijifunza kurekebisha kwa vidole kile ambacho pumzi inaharibu: anapuliza kwa nguvu huku anafunika kidogo tundu fulani ili sauti isipande, anapunguza pumzi huku anafungua. Hapo filimbi ikaanza kuongea kwa nguvu na kwa upole. Akaketi vibaya pia, hilo lilisemwa sana: mgongo umelegea, mguu juu ya mguu, filimbi imeenda pembeni, kama mtu anayengojea simu yake ijae moto. Hakuna mwalimu wa kwaya angemkubali. Lakini alijaza kumbi, na watu waliokuja walikuwa vijana.

Anzeni na La Follia ya Corelli kama mnataka kumpenda. Ni kazi ya violoni ya mwaka 1700, London wakaichapa kwa filimbi miaka miwili baadaye. Wimbo mmoja mfupi, tena wa kawaida, unarudi na kurudi, kila mara na nguo nyingine. Brüggen kila akirudi ni mtu mwingine: mara ana haraka, mara anagombana, mara kama amechoka anataka kuketi. Nilimsikilizisha mtoto. Hakusema kitu, alichukua yake akaangalia tundu la nyuma.

Ugomvi wangu sasa. Brüggen ana tabia ya kuvimbisha noti. Kila noti ndefu inaanza nyembamba, inanenepa katikati, inapungua. Mara ya kwanza unasema huyu mtu anapumua ndani ya mbao. Mara ya kumi, katika sehemu za polepole za sonata za Telemann, unaanza kuingojea, na ikija unachoka. Ni kama mchungaji anayenyanyua sauti mwisho wa kila sentensi, hata akitangaza saa ya mkutano wa wamama. Kuna waliomcheka kwa hilo kwao Ulaya, na naona hawakumwonea. Ubaya zaidi ni kwamba wanafunzi na waigaji walichukua uvimbe wakaacha sababu. Yeye alikuwa anavimbisha juu kwa karne mbili hakuna aliyeamini filimbi inaweza. Alikuwa anathibitisha. Ukishathibitisha, acha. Kwenye sehemu za haraka tabia hiyo haina nafasi, na hapo ndipo namkubali bila masharti: ulimi wake unakata noti safi, moja moja, kama maharage yanayoanguka kwenye sahani ya bati.

Kitu kingine ninachomheshimia ni kwamba hakukaa kwenye makaburi tu. Mwaka 1966 Mwitalia Luciano Berio alimwandikia Gesti. Mwanzoni humo vidole vinafanya jambo moja na mdomo jambo lingine, kama watu wawili walionuniana ndani ya nyumba moja. Sauti inayotoka ni ya ajabu, nyingine ni pumzi tu. Sikuipenda. Niliisikiliza mara nne na bado sikuipenda. Lakini niliielewa kuliko nilivyotaka, juu mimi pia kwa miaka mitatu mikono yangu inajaza fomu za mashirika wakati kichwa kinafikiria mnyauko wa migomba.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa kilimo atalipenda kuliko mwanamuziki. Brüggen alikusanya filimbi za kweli za karne ya 17 na ya 18, za mafundi kama Bressan, Stanesby na Denner, na akazipiga, hakuziweka kwenye kabati. Halafu akaruhusu fundi kutoka Australia, Frederick Morgan, azipime tundu kwa tundu na kuzichora. Michoro ilitoka kama kitabu Japani mwaka 1981, mafundi wa dunia nzima wakaanza kunakili. Wenzangu wa fakulte mnaona ninapoelekea. Hiyo ni kazi ya INERA Mulungu na maharage: unachukua mbegu ya bibi, unaipima, unaizidisha, unaigawa. Mwenye mbegu asiyeigawa, siku panya wakiingia, hana mbegu na kijiji hakina.

Sasa mwaka huo huo wa 1981 akafanya lile lililonikasirisha. Alianzisha Orkestra ya Karne ya Kumi na Nane, wanamuziki wa nchi mbalimbali wanaokutana mara chache kwa mwaka, wanapiga Haydn, Mozart na Beethoven kwa vyombo vya wakati ule, wanazunguka, wanaachana. Mapato waligawana sawa, yeye kiongozi pia hakuzidishiwa, na hilo ningependa viongozi fulani wa vyama walisikie (si chetu, tulieni). Na flite? Polepole akaiweka chini. Mtu aliyeipandisha kutoka shimoni mpaka kwenye majukwaa makubwa akageuka akaenda kusimama mbele ya orkestra ambamo, kwa muziki huo, filimbi ya mdomo haina hata kiti. Mozart na Beethoven hawakuiandikia.

Nilikasirika kweli. Najua sababu ya hasira yangu si Brüggen. Katika promosyo yetu, nikihesabu wanaogusa udongo, vidole vya mkono mmoja vinabaki. Wengine tuko kwenye ulinzi wa mtoto, kwenye takwimu, kwenye kuuza krediti za simu. Kila mmoja anasema alipanda ngazi. Nikamwona Brüggen kama mkubwa wa promosyo aliyepata posti nzuri akasahau jembe.

Nikaenda kwa Michala Petri ili nimshitaki naye. Petri ni Mdenishi wa mwaka 1958, alipiga tamasha kubwa la kwanza Tivoli, Copenhagen, mwaka 1969, msichana wa miaka 11, umri wa huyu wetu. Hakuiacha filimbi hata siku moja. Alipoona kazi za zamani hazitoshi, akaomba watunzi wa leo wamwandikie: Malcolm Arnold alimwandikia konserto mwaka 1988, na baada yake wengine wengi. Hiyo ndiyo njia nyingine ya kutoka kwenye chumba kidogo, unaongeza vyumba. Upigaji wake ni safi kama maji ya chupa, na hapo hapo ndipo ninapopata shida naye. Baada ya saa moja ya Petri hakuna kitu kimenikwaruza. Nilijikuta narudi kwa yule mvimbishaji, ili nigombane naye.

Na katika kurudi nikasikiliza Beethoven ya orkestra yake kwa makini zaidi. Nilichosikia ni flite. Sifanyi mzaha. Violoni hazilii mfululizo kama trafiki ya Signers, zinavuta pumzi mwisho wa kila sentensi. Noti ndefu inanenepa katikati na kupungua, ule uvimbe wangu wa Telemann, lakini sasa watu hamsini wanavimba pamoja, na haichoshi hata kidogo, juu orkestra ina nafasi ya kubeba. Alichukua alichofundishwa na chumba kidogo akaenda kukitumia kwenye nyumba kubwa. Bado nasema aliiacha mapema. Kati ya 1981 na kifo chake, tarehe 13 Agosti 2014, kuna miaka 33, na ndani yake angeweza kutupa Telemann nyingine, ya mtu mzima asiye na haja ya kuthibitisha. Hiyo rekodi haipo na naiona kama hasara. Lakini siwezi tena kusema alisahau. Na shamba hakuliacha tupu: wanafunzi wake Kees Boeke na Walter van Hauwe, ambao alipiga nao kama watatu kwenye kikundi cha Sourcream miaka ya 1970, walikuwa tayari wanafundisha wengine.

Papa mkubwa nilimpelekea hesabu ya namna nyingine, juu yeye Amsterdam haimwambii kitu. Nilimkumbusha Wakimbanguiste, ambao filimbi zao za mianzi amezisikia kwenye maandamano tangu ujana wake. Nikamwambia juu ya orkestra yao ya Kinshasa, ambayo Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, aliianzisha mwaka 1994 na vyombo vichache vya kupokezana, mpaka Wajerumani wakaja kuifanyia filamu mwaka 2010. Akauliza: "Wanalipwa?" Nikasema wengi wana kazi zingine mchana. Akasema: "Njo nilisema." Hapo sikuwa na jibu, na sitajifanya nililipata baadaye.

Kuhusu mbao, dokezo la mtu wa misitu tu. Kuna filimbi nzuri za leo za mpingo, mti wa Tanzania na Msumbiji, mzito hata unazama majini, na unakaa kati ya miaka 70 na 100 kabla ya kufaa kukatwa. Kilwa vijiji viliwahi kupata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa kusimamia misitu yao yenyewe ya mpingo. Yaani mti unatoka kwetu kama gogo, na kwetu inarudi plastiki ya karton.

Tumelipa mwezi wa kwanza. Yaya alitoa dola 6, mimi 4. Mwalimu ameanza na kidole gumba, namna ya kufungua nusu ya tundu la nyuma ili noti ipande oktava, na kwa wiki tatu kartie nzima imesikia noti ile ikipasuka.

Jioni moja nilimsimulia mtoto juu ya Jacob van Eyck, kipofu mpiga kengele wa Utrecht, ambaye nyimbo zake Brüggen alizipiga sana. Mwaka 1649 kanisa lilimpandishia mshahara kutoka gulden 80 hadi 100, kwa sharti kwamba jioni awe anawapigia filimbi watu wanaotembea kwenye uwanja wa kanisa. Akanikatiza: "Tonton, walimulipa juu watu wanatembea?" Nikasema ndiyo.

Jumapili iliyofuata hakuonekana baada ya misa. Alikuwa kwenye njia inayoshuka kwenye ziwa, pale vijana wanapoenda kupigana picha. Alirudi jua linazama na faranga 1,500. Akasema mama mmoja alisimama, akamuomba wimbo wa Maria, naye hakuujua, kwa hiyo mama akamwimbia mwanzo wake mara mbili ili aje nao Jumapili nyingine.